Valvu Zinazobadili Saa: Historia ya VVT-i na Gari la Akina Mama wa Base Camp

Zamu ya kuandika imenifikia mimi. Wenzangu mlishaandika historia za vita, za muziki, za mipaka. Mimi ni mtu wa gereji, kucha zangu haziishi weusi wa oili, kwa hiyo nitaandika historia ya kitu kidogo kilichojificha ndani ya injini. Msikimbie. Kitu hiki kidogo kililaza gari la akina mama kumi na wawili wiki saba chini ya mwembe, hapa Nakivale, na kidogo kiwaingize kwenye deni ambalo lisingelipika.

Gari lenyewe ni Toyota Spacio. Akina mama wa kikundi cha akiba walilinunua kwa fedha za miaka mitatu, ili lipeleke abiria Mbarara na kurudi. Lilifanya kazi vizuri miezi minane hivi. Halafu likaanza tabia: likisimama kusubiri abiria, injini inatetemeka kama mtu mwenye malaria, kisha inazima. Ukiwa barabarani inaenda. Ukifika kwenye kona na kupunguza mwendo, inazima tena. Taa ya cheki injini ikawaka na haikuzimika.

Likapelekwa kwa fundi wa kwanza, akabadilisha plagi. Wa pili akabadilisha pampu ya petroli. Wa tatu, gereji moja ya mjini ambayo sitaitaja jina, akasema bila kufungua chochote: injini imekufa, leteni milioni mbili na nusu nitoe nyingine Kampala. Akina mama wakakaa kikao. Wengine wakasema tukope, wengine wakasema tuuze gari kama chuma chakavu. Hapo ndipo wakamwita mzee wetu mmoja, fundi wa siku nyingi kutoka Uvira, na mimi nikamfuata nikimbebea spana.

Mzee alifungua boneti, akasikiliza, akagusa hapa na pale. Mnajua mzee huyu? Corolla za zamani, zile za kabureta, anazifunga gizani bila tochi. Lakini siku ile alifunga boneti taratibu, akaniambia, "Mwanangu, hii motere siijue. Ile tulikuwa tunajua ilikuwa na saa moja. Hii inabadilisha saa yenyewe."

Sikuwahi kusikia mtu akieleza VVT-i kwa maneno machache kiasi hicho. Na alikuwa anadhani anakiri ujinga.

Mlango wa kuingia na mlango wa kutoka

Tuanze na jambo lenyewe. Ndani ya injini ya petroli, kila silinda ina valvu za aina mbili. Moja inafunguka hewa na petroli viingie, nyingine inafunguka moshi utoke. Anayezifungua ni kamshafti, chuma kirefu chenye vinundu. Kamshafti inazungushwa na krankshafti kwa cheni au mkanda, na inazunguka nusu ya mwendo wake. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Hesabu: injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kusema "karibu", mlango umefunguka na kufungwa zaidi ya mara kumi.

Sasa swali ni hili: mlango ufunguke lini na ufungwe lini?

Fikiria siku ya kugawa chakula. Kuna geti la kuingilia na geti la kutokea. Watu wakija polepole, mmoja mmoja, mlinzi anafunga geti mara ukumbi unapojaa. Akichelewa kufunga, walioingia wanaanza kurudi nje. Lakini siku watu wanapokuja mbio, wakisukumana, akifunga mapema ukumbi unabaki na nafasi, maana kuna watu wenye kasi ambao wangeingia bado. Siku hiyo inabidi achelewe kidogo.

Hewa nayo ina uzito na kasi. Injini ikizunguka taratibu, valvu ya kuingiza ikichelewa kufungwa, pistoni inayopanda inairudisha hewa ilikotoka. Injini ikizunguka kwa kasi, hewa bado inasukumana kuingia hata pistoni ikianza kupanda, kwa hiyo kuchelewa kufunga kunajaza silinda zaidi.

Kuna jambo jingine. Moshi unapomalizia kutoka na hewa mpya inapoanza kuingia, kwa muda mfupi sana mageti yote mawili yako wazi. Mwendo ukiwa mkubwa hilo linasaidia, wanaotoka wanawavuta wanaoingia. Injini ikiwa imesimama inaunguruma tu, ni vurugu: moshi unarudi ndani, unachanganyika na hewa mpya, injini inatetemeka. Mmekumbuka Spacio yetu? Shikilieni hapo hapo.

Injini za zamani zilikuwa na ratiba moja tu. Mtengenezaji alichagua: injini ya gari la mbio ifunge kwa kuchelewa, injini ya lori ifunge mapema. Gari la kawaida likapewa ratiba ya katikati, ambayo si nzuri sana kokote na si mbaya sana kokote. Ndiyo "saa moja" ya mzee wetu.

Treni ilijua mapema

Watu wengi wanadhani wazo hili ni la Wajapani wa juzi. Hapana. Treni za mvuke zilikuwa nalo kabla injini ya petroli haijazaliwa.

Mwaka 1842, kwenye karakana ya Robert Stephenson huko Uingereza, walitengeneza mfumo wa vyuma uliomwezesha dereva wa treni kubadilisha muda wa mvuke kuingia kwenye silinda. Miaka miwili baadaye, 1844, fundi wa reli wa Ubelgiji, Egide Walschaerts, akabuni mfumo wake. Dereva akianza safari na mzigo mzito, aliruhusu mvuke uingie muda mrefu. Treni ikishika kasi, alivuta wenzo, mvuke ukaingia muda mfupi, na kuni au makaa yakapungua kuliwa. Ni kazi ile ile ambayo leo inafanywa na kompyuta.

Huyu Walschaerts nampenda kwa sababu moja. Alikuwa msimamizi wa karakana, si mhandisi. Sheria za kazi pale hazikumruhusu mtu wa cheo chake kufaidika na uvumbuzi, kwa hiyo karatasi za hakimiliki zilipelekwa kwa jina la mhandisi mmoja wa reli. Na bado sehemu kubwa ya dunia ikaja kuuita mfumo huo kwa jina la fundi. Wenzangu mliokosa vyeti kwa sababu vimeungua au vimebaki nyumbani, someni hapo mara mbili.

Mfumo wake ulifika hadi huku kwetu. Zile treni kubwa za Garratt za East African Railways, 34 zilizoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, zilitumia vyuma vya Walschaerts. Mbili zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Yaani mafundi wa Afrika Mashariki walikuwa wanatunza mfumo wa kubadili muda wa kuingiza mvuke miaka mingi kabla ya Spacio ya kwanza kushuka Mombasa.

Injini ya petroli inachelewa miaka mia

Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifanikisha injini ya mapigo manne: vuta, bana, lipua, toa. Hiyo ndiyo babu wa injini zetu zote za petroli. Injini za mwanzo nyingi hata hazikuwa na kamshafti ya kuingiza: valvu ya hewa ilikuwa na springi dhaifu, pistoni ikishuka inavutwa yenyewe. Kwa mizunguko michache ilitosha. Walipotaka kasi, springi ikashindwa, wakaleta kamshafti kwa valvu zote. Ratiba ikawa imara, na ikawa moja.

Kwa nini ilikaa hivyo muda mrefu? Kwa sababu petroli ilikuwa rahisi, na kubadili saa ya kamshafti inayozunguka mara elfu kwa dakika si mchezo. Wengi walibuni kwenye karatasi, wachache walitengeneza, na barabarani hakikufika kitu cha maana.

Mambo mawili yalibadilisha hali. Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafla duniani. Sasa kampuni za magari zikabanwa pande zote: moshi upungue, petroli ipungue, lakini mteja hataki gari legelege. Ratiba ya katikati haikutosha tena.

Walioingia barabarani kwanza ni Waitaliano. Mhandisi wa Alfa Romeo, Giampaolo Garcea, alibuni gia ya kamshafti inayosogezwa na presha ya oili, na mwaka 1980 ikauzwa ndani ya Alfa Romeo Spider ya lita 2 kwa soko la Marekani. Ilikuwa na hali mbili tu, huku au kule. Katikati hakuna.

Nissan wakafuata mwishoni mwa miaka ya 80, wakatumia umeme na kompyuta kuamua lini isogee. Mwaka 1989 Honda wakaleta VTEC kwenye Integra, kazi iliyoongozwa na mhandisi Ikuo Kajitani. Wao hawakusogeza kamshafti. Waliweka vinundu vya aina mbili juu ya kamshafti moja, vidogo vya mwendo wa kawaida na kirefu cha mwendo wa kasi, na pini inayosukumwa na oili ikabadilisha kipi kifanye kazi. Injini ya lita 1.6 ikatoa nguvu farasi 160, bila tabo. Watu walishangaa. BMW wakaja na VANOS mwaka 1992.

Toyota walianza 1991 na mfumo wa hali mbili kwenye injini ya 4A-GE ya valvu 20. Mwaka 1995, kwenye Crown, wakaleta VVT-i. Ile herufi "i" mwishoni ni ya akili. Tofauti yake: haina huku au kule peke yake. Inaweza kusimama popote katikati, na kompyuta inaisogeza kila mara kulingana na mwendo na mzigo. Mwanzoni ilikuwa ya magari ya bei kubwa. Lakini mwaka 1999 Vitz ikatoka nayo, na miaka michache baadaye Fielder, Spacio, IST, Probox, Noah na Hiace zote zikawa nayo. Teknolojia ya matajiri ikawa ya teksi.

Ilivyotufikia sisi

Japani gari likizeeka ukaguzi wake wa lazima unakuwa ghali, na watu wanaendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania. Basi magari hayo yakapanda meli kuja Mombasa na Dar es Salaam. Kutoka Dar yakaendelea hadi Bujumbura, Uvira na Bukavu, ambako watu wanaendesha kulia, lakini usukani ukabaki huko huko upande wa kulia. Wengi wetu tumekua tukiona dereva anashusha abiria katikati ya barabara kwa sababu hiyo.

Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liundwe. Uganda tangu 2018 inazuia yaliyozidi miaka 15. Ndiyo maana injini mpya ya Japani inatufikia sisi ikiwa imechelewa miaka kumi hivi, imetembea, na bila kitabu. Kama kitabu kipo, ni cha Kijapani.

Na hapa ndipo historia ya injini inapogongana na historia yetu. Mzee wetu alijifunza kazi miaka ya 80 na 90. Alipokuwa na umri wa kujifunza injini mpya, alikuwa anakimbia, anarudi, anakimbia tena. VVT-i ilimpita akiwa kwenye foleni ya kuandikishwa. Sisi vijana tuliokuja nyuma, kozi ya miezi sita niliyosoma mimi ilikuwa na injini moja ya mafunzo, ya kabureta, tuliyofungua na kufunga mpaka boliti zikalegea. Nikapata cheti. Siku niliyokutana na VVT-i, nilikuwa sijui hata iko upande gani wa injini.

Iko wapi na inafanyaje

Ukisimama mbele ya injini kama 1NZ-FE, ile ya Spacio ya lita 1.5, upande wa cheni kuna kamshafti mbili. Mwisho wa kamshafti ya kuingiza kuna gia nene kuliko ya kawaida. Ndani yake kuna vitu viwili: nyumba ya nje inayozungushwa na cheni, na kipande cha ndani chenye mabawa kilichofungwa kwenye kamshafti. Kati ya mabawa na kuta za nyumba kuna vyumba vidogo vya oili. Oili ikiingia upande mmoja wa mabawa, kamshafti inasogea mbele, yaani valvu zinafunguka na kufungwa mapema. Ikiingia upande wa pili, inarudi nyuma. Ikizuiwa pande zote, inakaa pale pale. Kusogea kwenyewe ni digrii 40 hadi 60 hivi za mzunguko wa krankshafti, kutegemea aina ya injini.

Anayeamua oili iende wapi ni valvu ya oili inayoendeshwa na umeme. Mafundi wa mjini wanaiita OCV. Ni kama bomba dogo lenye soketi ya nyaya mbili, limechomekwa kwenye silinda hedi na kushikwa na boliti moja. Kompyuta inasoma sensa ya krankshafti na sensa ya kamshafti, inajua kila moja iko wapi, inapeleka umeme kwa mapigo ya haraka kwenye OCV, nayo inasogeza fimbo yake ya ndani.

Injini ikiwa inaunguruma tu, kamshafti inakaa nyuma kabisa ili mageti mawili yasiwe wazi pamoja. Kwenye mwendo wa kati inasogezwa mbele, petroli inapungua kuliwa na nguvu ya kupanda mlima inaongezeka. Kwenye mwendo mkali inarudishwa nyuma ili mlango uchelewe kufungwa. Ukizima gari, pini ndogo inaifunga gia kwenye nafasi ya nyuma, na ukiwasha tena presha ya oili inaifungua.

Kwa hiyo oili kwenye injini hizi ina kazi mbili. Inalainisha vyuma kama zamani, lakini pia ndiyo mkono unaosogeza kamshafti. Hilo ndilo watu hawakuambiwa.

Tulichokikuta kwenye Spacio

Mimi na mzee tulifanya hivi, na ninawaandikia kwa mpangilio ili mwingine asipoteze wiki saba.

Kwanza tulivuta kijiti cha oili. Ilikuwa chini ya alama, nyeusi, nzito kama uji. Dereva akasema huwa anaweka oili ya dumu, ile ya kupimiwa, nzito, kwa sababu ni nafuu na "inaziba uchakavu". Kwenye Corolla ya kabureta ungeweza kuponea hapo. Kwenye VVT-i, oili nzito inachelewa kufika, na oili chafu inaacha utando ndani ya vitundu ambavyo sindano inapita kwa shida.

Pili, kijana mmoja wa simu alituazima kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kwa Bluetooth. Ikatoa P0011. Andikeni hii mahali: P0011 maana yake kamshafti ya kuingiza imekaa mbele kuliko ilivyoamriwa. P0012 ni imekaa nyuma kuliko ilivyoamriwa. P0010 ni shida ya umeme wa OCV. P0016 ni krankshafti na kamshafti hazikubaliani, hapo fikiria cheni iliyorefuka au iliyofungwa vibaya. Toyota za mwanzo zenye VVT-i zinaweza kutoa P1349.

Sasa unganisheni wenyewe. Kamshafti imekwama mbele. Injini ikiunguruma tu, mageti mawili yako wazi pamoja, moshi unarudi ndani, inatetemeka, inazima. Ukiongeza mwendo inakuwa sawa. Ugonjwa wote wa Spacio umeelezwa na namba moja. Plagi hazikuwa na kosa, pampu haikuwa na kosa.

Tatu, tulichomoa soketi ya OCV, tukapima upinzani wake kwa mita. Za Toyota za aina hii zinatakiwa kuwa kati ya ohm 6.9 na 7.9 zikiwa baridi. Yetu ilikuwa ndani. Kwa hiyo umeme wake mzima. Tukaitoa, tukaipa umeme wa betri kwa kugusa tu, sekunde moja, usishikilie maana itaungua. Fimbo ya ndani ilitakiwa iruke na kurudi. Haikurudi. Ilikuwa imegandishwa na utando mweusi.

Nne, tuliisafisha kwa dawa ya kusafishia kabureta, tukaipa umeme, tukasafisha tena, mpaka ikawa inaruka na kurudi na kutoa mlio. Mzee akacheka aliposikia ule mlio. Hatukuikwangua kwa bisibisi wala msasa, maana mkwaruzo mmoja ndani unaiharibu kabisa. Kisha tukatafuta chujio lake. Kwenye injini nyingi za Toyota kuna chujio dogo la wavu nyuma ya boliti yake kwenye silinda hedi, na mafundi wengi hawajawahi kulifungua. Letu lilikuwa nusu limeziba.

Tano, tukamwaga oili yote, tukaweka filta mpya na oili ya 5W-30 kama Toyota wanavyoelekeza kwa injini hii. Hatukutumia zile dawa kali za kuosha injini. Injini yenye uchafu wa miaka ukiiosha ghafla, uchafu wote unabanduka pamoja na kuziba wavu wa pampu ya oili kule chini, na hapo injini inakufa kweli. Tulipanga kubadilisha oili tena baada ya kilomita 1,000, ili isafishike polepole.

Sita, tukaiwasha. Ikatulia. Lakini kutulia peke yake si ushahidi, kwa hiyo tukafanya jaribio: injini ikiunguruma, tukachomoa soketi na kuipa OCV umeme wa betri moja kwa moja kwa kitambo kidogo. Injini ikatetemeka karibu izime. Tukaondoa umeme, ikatulia tena. Hapo ndipo tukajua gia inatii, inakwenda na kurudi. Kama isingetetemeka, shida ingekuwa kwenye gia yenyewe au njia za oili.

Nyongeza mbili. Ukisikia mgongano mkavu wa sekunde mbili tatu kila asubuhi unapowasha, upande wa cheni, mara nyingi ni ile pini ya gia imechakaa au oili inachelewa kufika. Na kuna mafundi wanaochomoa soketi ya OCV na kuiacha hivyo. Gari litaenda, kwa sababu kamshafti inakaa nyuma kama ya zamani, lakini halitavuta mlima na litakula petroli zaidi. Hujatengeneza, umerudisha saa 1980.

Hesabu ya mwisho

Kazi yote, pamoja na oili, filta na dawa, haikufika laki mbili za Uganda. Gereji ilitaka milioni mbili na nusu. Lakini msifikiri akina mama walishangilia tu. Wiki saba bila mapato, mmoja wao alikuwa ameshamtoa mtoto shuleni katikati ya muhula. Mwingine alikuwa ameshajitoa kwenye kikundi kwa hasira, na mpaka leo hawasalimiani na mwenyekiti. Gari limepona, hayo hayakupona.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande mbili. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: mkifikiria kutuletea injini ya mafunzo, ulizeni kwanza ina VVT au haina. Nusu ya magari yanayopita getini kwenu yanayo. Na kama bajeti ni ndogo, mita ya umeme, kifaa cha kusomea kompyuta na OCV tatu mbovu za kufanyia mazoezi ni mzigo unaoingia kwenye begi moja. Kozi itakuwa tofauti kabisa.

Vijana wenzangu, wazee wetu wa kazi hawajapitwa. Mzee hakuwa na kifaa wala hakujua P0011 ni nini. Lakini ni yeye aliyevuta kijiti cha oili kwanza, jambo ambalo mafundi watatu hawakufanya, na ni yeye aliyesikia kwamba injini inapumua vibaya ikiwa imesimama tu. Mimi nilileta namba, yeye alileta sikio. Mmoja peke yake asingelitoa gari lile chini ya mwembe.

Sasa hivi kila Jumamosi mchana tunakaa naye, wanafunzi watano, tunafungua kitu kimoja na kukiandika kwenye daftari kwa Kiswahili. Gia ya VVT-i iliyokufa tuliipata kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, tukaikata katikati ili mabawa yaonekane. Mzee aliiangalia muda mrefu, akaigeuza mkononi, akasema, "Kumbe ni hivi tu." Akaomba abaki nayo mpaka Jumamosi nyingine.

Aliye Nakivale na anataka kuja, daftari lipo. Aliye Kakuma, Nyarugusu au kwingine, tafuta mzee mmoja na OCV moja mbovu, muanze. Na dereva yeyote anayesoma hii: kabla hujalala leo, vuta kijiti cha oili.